Msumeno wa Meza na Vidole Kumi

Niwasimulie jinsi nilivyonunua mashine ya kupasulia mbao, na jinsi nilivyopoteza shilingi 100,000 kabla sijainunua. Sioni fahari kuyasema haya. Lakini najua wako akina baba wengi vijijini ambao mwaka huu wameuza zabibu, alizeti au ng'ombe, nao wanawaza kama nilivyowaza mimi. Huenda maneno yangu yakawafaa.

Mimi ni karani wa parokia katika kijiji kimoja cha Dodoma. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kutoa stakabadhi na kujibu barua. Zamani nilisoma chuo cha ualimu, na huko ndiko nilikojifunza kushika randa na patasi. Kalamu ndiyo inayotulisha, lakini useremala ndio unaowavika watoto na kuwapeleka shule. Nyuma ya nyumba nina banda la mabati. Jioni, nikitoka ofisini, na siku ya Jumamosi, natengeneza milango, vitanda, meza na mabenchi.

Kazi hiyo siku hizi haikosekani kwetu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi ulifanyika mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji wetu ukapewa hadhi ya jiji. Tangu hapo nyumba zinaota kama uyoga baada ya mvua, na kila nyumba yataka milango. Hata vijijini mtu aliyezoea mlango wa mabati sasa ataka mlango wa mbao.

Shida yangu ilikuwa kupasua. Ubao wa futi 12 kuupasua kwa msumeno wa mkono ulinichukua karibu nusu saa, na mgongo ukauma hadi siku ya pili. Nilipopata kazi kubwa nilipeleka mbao mjini zikapasuliwe kwa mashine. Kila ubao shilingi 500, na usafiri wa kwenda na kurudi shilingi 20,000. Basi nikasema moyoni: na mimi ninunue mashine yangu.

Kosa langu

Tulikuwa na shilingi 1,100,000. Nyingi zilitokana na zabibu za misimu miwili, na sehemu ilitokana na mtamba mmoja tuliyemwuza. Shamba la zabibu linatunzwa zaidi na mke wangu kuliko mimi. Yeye ndiye anayepogoa, anayepiga dawa, anayefukuza ndege. Hilo mlikumbuke.

Nilikwenda mjini peke yangu. Katika uwanja wa mtu mmoja auzaye vitu vilivyotumika nikaona msumeno wa meza mkubwa, wote chuma kitupu, mzito hata watu wanne wasiuinue. Mwenyewe akasema bei ni 900,000. Nikaupapasa kama mtu apapasaye ng'ombe mnadani. Niliona majirani wakija kuutazama. Niliona jina langu likitajwa hadi tarafa ya pili. Nikatoa arbuni ya shilingi 100,000, nikarudi nyumbani nikiimba.

Jioni ile alipita kijana mmoja fundi wa umeme. Nikamweleza habari. Akaniuliza, "Karani, mota yake ni ya njia moja au ya njia tatu?"

Sikujua. Aliyesoma chuo hakujua! Kesho yake nikarudi mjini, nikapangusa vumbi kwenye kibati cha mota, nikasoma: volti 400, njia tatu. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za vijijini, umeme ni wa njia moja, volti 230. Mashine ile isingenguruma hata siku moja bandani mwangu. Kuvutiwa njia tatu ni maombi mengine na gharama nyingine. Nikaomba arbuni yangu. Mwuzaji akasema arbuni hairudishwi, na kweli hatukuwa tumeandikiana neno lo lote.

Ilinipasa kumwambia mke wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, laki moja imekwenda. Hiyo iliyobaki tutaisindikiza wote wawili." Hakuongeza neno. Nami naona kunyamaza kwake kulinifundisha kuliko kugomba.

Mkono wa mzee

Kabla ya kurudi mjini tulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa seremala mashuhuri, kijiji cha jirani. "Mbukwenyi," tukamwamkia, akatukaribisha chini ya mbuyu. Alipotupa mkono nikakumbuka jambo nililolizoea hata nikalisahau: mkono wake wa kushoto una kidole gumba nusu, na vidole viwili havipo.

Nikamwomba ushauri juu ya mashine. Yeye akaunyosha mkono ule. "Mwanangu, hii ndiyo bei niliyolipa mimi. Ya dukani nimekwisha kuisahau."

Akatusimulia. Ilikuwa jioni, peke yake, na mwenye kitanda alikuwa akimngoja. Alikuwa akipasua kipande kifupi cha mninga. Kifuniko cha msumeno alikiondoa zamani, kwa kuwa kilimchelewesha. Ubao ukaubana msumeno, msumeno ukaurusha ubao nyuma, na mkono uliokuwa ukiusukuma ukaangukia kwenye meno. "Mashine haikukosa," alisema. "Ilifanya kazi yake ya kukata. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka."

Wasomaji, tuelewe jambo hili, maana ndilo linalowaumiza watu wengi. Ubao una nguvu ndani yake. Mti ulikua ukivutwa huku na huku na upepo na uzito wake. Ukiupasua, nguvu ile hufunguka, na mara nyingine pande mbili za mpasuo hukaribiana na kuubana msumeno. Mbao mbichi, kama nyingi za paini tuletewazo kutoka Mufindi, hufanya hivyo mara kwa mara. Sasa msumeno wa inchi 10 ukizunguka mara 4,500 kwa dakika, meno yake yanakwenda zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Meno ya nyuma yanapanda juu kuelekea kwako. Yakiushika ubao, yanaurusha kama jiwe la teo. Haiwezekani kuukwepa.

Dawa yake ni kitu kidogo tu: kisu cha chuma bapa kisimamacho nyuma ya msumeno, ndani ya mpasuo, kikizuia pande mbili zisikutane. Kisu hicho chapasa kiwe chembamba kuliko njia ikatwayo na meno, na kinene kuliko bati la msumeno wenyewe. Mashine isiyo na kisu hicho mzee alituambia tusiiguse, hata tukipewa bure.

Marekani, nchi yenye mashine nyingi za namna hii, hukadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 huumizwa na misumeno ya meza kila mwaka. Mtu mmoja wa huko, Stephen Gass, mwaka 1999 alibuni mashine iutambuayo mwili wa mtu kwa umeme mdogo sana upitishwao katika msumeno. Nyama ikigusa meno, kipande cha alumini hurushwa na kuusimamisha msumeno kabla hujapepesa jicho. Aliijaribu kwa soseji, na mwisho kwa kidole chake mwenyewe, nacho hakikukatika. Ni akili kubwa, lakini bei yake si ya mfuko wa karani. Sisi breki yetu ni kisu cha nyuma, kifuniko, kijiti cha kusukumia, na subira.

Tulivyochagua

Safari ya pili tulikwenda wawili. Tuliona mashine mbili ambazo fedha zetu ziliweza kuzifikia.

Ya kwanza iliundwa na mafundi wa kuchomelea. Meza pana, mota ya nguvu za farasi 3, msumeno wa inchi 12, bei 650,000. Nguvu ilikuwa nayo. Lakini juu ya meza msumeno ulisimama uchi: hapana kifuniko, hapana kisu cha nyuma. Mkanda wa mota nao ulikuwa wazi, tayari kushika shati la mtu au nguo ya mtoto.

Ya pili ilikuwa mpya ya dukani, ndogo, wati 1,800, msumeno wa inchi 10, bei 720,000. Ilikuwa na kisu cha nyuma, kifuniko, na swichi kubwa nyekundu uwezayo kuizima kwa goti. Lakini ilionekana kama kitu cha mchezo mbele ya ile nyingine. Nakiri, macho yangu yalirudi kwa ile kubwa.

Hapo mke wangu akamwuliza yule kijana wa kuchomelea swali moja tu. "Mwanangu, ubao ukifika mwisho, mkono wa baba unaishia wapi?"

Kijana akacheka, akasema fundi hodari hajikati. Mke wangu akanitazama. Nikamkumbuka mzee, ambaye alikuwa fundi hodari kuliko sisi sote. Tukaenda dukani.

Sitaki kusema kwamba mafundi wetu hawawezi. Wanaweza sana, na ukiwaagiza kisu cha nyuma na vifuniko, na ukawa tayari kulipa, watakutengenezea kitu kizuri. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, nako waweza kupata ushauri juu ya mashine. Makosa ni yetu sisi wanunuzi, tuulizao bei na nguvu tu, wala hatuulizi mengine.

Mambo ya kutazama

Kwa faida ya mwenye kutaka kununua, nayaandika niliyojifunza.

Kwanza, pima kazi yako kabla ya kupima mashine. Msumeno wa inchi 10 hukata kina cha kama inchi 3. Mbao zetu za milango na mabenchi ni za inchi 1 na inchi 2. Ya nini basi inchi 12? Na kama wapasua mbao tano kwa mwezi, usinunue kabisa. Peleka mjini, fedha yako nunulia mbuzi.

Pili, soma kibati cha mota. Tazama volti, tazama kama ni njia moja au tatu, tazama wati. Mashine ya wati 1,800 kwa volti 230 huvuta kama ampea 8. Usiilishe kwa waya mwembamba mrefu wa taa. Waya utapata moto, mota itapungukiwa nguvu na mwisho kuungua. Mwite fundi wa umeme aliyesomea akuwekee waya wake wenyewe na swichi ya kujizima. Na jioni, watu wote wanapowasha taa na umeme kushuka, uiache mashine ipumzike.

Tatu, pima kiegemeo, yaani kile chuma kirefu ambacho ubao huegemea ukisukumwa. Tia alama ya chaki kwenye jino moja. Pima kutoka jino hilo hadi kiegemeo upande wa mbele. Uzungushe msumeno kwa mkono, mashine ikiwa haijaunganishwa na umeme, jino lile lifike nyuma, upime tena. Vipimo viwe sawasawa. Kama nyuma ni pafinyu kuliko mbele, ubao utabanwa na kurushwa. Kaza kiegemeo, ukitikise, upime tena. Kikihama, iache mashine hiyo.

Nne, bakiza fedha ya meno. Bladi ijayo na mashine mara nyingi ni hafifu. Ya kupasua kufuata urefu wa ubao iwe na meno machache, kama 24. Ya kukata kwa kukingama iwe na mengi, kama 60. Angalia mzunguko ulioandikwa kwenye bladi usiwe mdogo kuliko wa mashine. Na hapa kwetu kuna hatari ya mbao zilizotumika kumwagia zege. Ni rahisi, lakini zina misumari na saruji. Msumari mmoja huharibu bladi nzima, nao ukirushwa huweza kulitoboa jicho.

Tano, ulinzi wa mwili. Miwani ya kazi, viziba masikio, na kinga ya pua na mdomo. Usidharau vumbi. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Glavu usivae, maana msumeno huzishika na kuuvuta mkono. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko. Na mkono usisogee karibu na meno kuliko shubiri moja. Kutoka hapo shika kijiti.

Hesabu yetu

Karani hawezi kumaliza bila hesabu. Mashine 720,000. Bladi nzuri 50,000. Waya, swichi na ufundi wa umeme 110,000. Miwani, viziba masikio na kinga za pua 30,000. Usafiri 20,000. Jumla 930,000. Katika milioni iliyokuwa imebaki tukarudi na 70,000. Meza ya kuiwekea mashine, na ya kuupokea ubao upande wa nyuma, nilizitengeneza mwenyewe.

Zamani nilipeleka mjini mbao kama 60 kwa mwezi, kwa safari mbili. Kupasuliwa 30,000, usafiri 40,000, jumla 70,000. Sasa mbao hizo zanichukua kama saa nne tu za mashine kwa mwezi mzima, na umeme wake haufiki shilingi 4,000. Basi nabakiza 66,000 kila mwezi. Kwa miezi 15 mashine itakuwa imejilipa. Nikiiongeza ile laki ya ujinga wangu, miezi 16. Kila mwisho wa mwezi mke wangu anaiandika hesabu hiyo mlangoni kwa chaki, na ile laki ameiweka mstari wake peke yake, nisiisahau.

Tazameni: saa nne kwa mwezi! Kazi nyingine yote, kupima, kuranda, kuunganisha, kupiga msasa, bado ni ya mikono. Mimi nilikuwa karibu kununua chuma cha watu wanne kubeba, kwa kazi ya saa nne. Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Haikufika mauti, namshukuru Mungu, lakini ilinifikisha kwenye laki moja.

Mwezi uliopita nilimaliza mabenchi 20 ya kigango chetu. Yule mzee alikuja kuyatazama. Akapitisha ule mkono wake juu ya ubao, akaniuliza kama kifuniko bado kipo kwenye mashine. Nikamwambia kipo. Akasema, "Basi mashine yako ni nzuri."

Ufunguo wa banda anautunza mke wangu. Siuchukui jua likiisha kuzama, wala nikiwa nimechoka au nimekasirika. Na jioni nikitoka bandani, mtoto wetu mdogo, aliyeanza kujifunza kuhesabu, hunishika mikono akahesabu vidole kimoja kimoja. Kwake ni mchezo tu. Afikapo kumi hupiga makofi, nami naingia ndani kula.

Ni mimi,
Karani wa Parokia, Dodoma.